Kamera Si Nambari: Acheni Kuandika Sifuri!

Leo sikuja na programu mpya ya kupakua bure. Leo nimekuja kugombana. Nagombana na watengeneza programu wenzangu, hasa sisi tunaoandika vijiprogramu vya picha, sauti na video, na ugomvi wenyewe unahusu kitu kidogo sana: nambari sifuri. Naam, sifuri. Ile sifuri ambayo mtu huiandika kwenye msimbo wake anapotaka kufungua kamera, akaona sura yake imetokea kwenye kioo cha tarakilishi, akafurahi, akafunga kazi na kwenda kunywa chai.

Nasema hivi: programu yoyote inayofungua kamera kwa kufuata nambari yake kwenye orodha, bila kumwonyesha mtumiaji ni kamera gani imefunguliwa na bila kumpa njia ya kuibadilisha, ni programu mbovu. Haijalishi ina rangi nzuri namna gani, wala imeandikwa kwa lugha gani. Kama msimamo huu unakuudhi, vizuri, endelea kusoma, kisha tujibizane.

Kwa wale wasioandika programu

Nieleze kwanza jambo lenyewe, kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mnapenda teknolojia lakini hamna haja ya kuandika msimbo.

Programu haioni kamera kama unavyoiona wewe. Wewe unaona kijicho kidogo juu ya kioo cha laptopu yako, na labda ile nyingine uliyonunua mjini ukaichomeka kwa waya wa USB. Programu haina macho hayo. Inachofanya ni kuuliza mfumo wa tarakilishi, iwe Windows, Linux au Mac: "Una kamera gani?" Mfumo unajibu kwa orodha. Ya kwanza kwenye orodha ni nambari 0, ya pili ni 1, ya tatu ni 2. Tunaanzia sifuri kwa mazoea ya kazi yetu, msishangae.

Sasa sikilizeni vizuri: nambari hiyo si jina la kamera. Ni nafasi yake kwenye foleni tu. Na foleni hubadilika! Chomoa kamera uichomeke kwenye tundu jingine, au zima tarakilishi uiwashe tena, na orodha yaweza kurudi ikiwa na mpangilio mwingine kabisa. Ni sawa na muuguzi anayesema, "Wewe uliyekaa wa kwanza kwenye benchi, njoo udungwe sindano." Wa kwanza akiondoka kidogo kwenda msalani, wa pili husogea, naye anadungwa sindano isiyo yake. Je, tutamlaumu mgonjwa? Au tutamuuliza muuguzi kwa nini hakuita jina?

Mazoea haya yametoka wapi?

Yametoka kwenye siku ambazo tarakilishi moja ilikuwa na kamera moja, basi. Ile inayotajwa kuwa kamera ya kwanza ya namna hii iliwekwa mwaka wa 1991 huko Cambridge, Uingereza, ikaelekezwa kwenye mtambo wa kahawa ili watafiti wasitembee bure na kukuta hakuna kahawa. Ilizimwa mwaka wa 2001. Mwaka wa 1994 kampuni ya Connectix ilianza kuuza QuickCam, kamera ndogo ya mviringo ya mtu wa kawaida, na mwaka wa 1998 Logitech ikainunua biashara hiyo. Wakati huo aliyekuwa na kamera mbili kwenye meza moja alikuwa mtu wa ajabu. Kuandika sifuri hakukuwa na madhara, kwa sababu hakukuwa na moja.

Leo hebu hesabu. Laptopu ina kamera yake ya ndani. Baadhi ya laptopu zina nyingine ya miale ya infraredi, ile ya kutambua uso wa mwenyewe anapoingia. Kuna ya USB uliyoichomeka. Kuna kamera za bandia, yaani programu zinazojifanya kamera: OBS, inayotumiwa na wengi kurusha video, imekuja na kamera ya bandia ndani yake tangu mwaka wa 2020. Na tangu mwaka wa 2022 tarakilishi za Apple zinaweza kutumia kamera ya simu ya iPhone ya mwenyewe bila waya wowote. Maana yake ni kwamba simu ikiwekwa karibu orodha inaongezeka, na ikiondoka orodha inapungua!

Kwenye Linux mambo yanachekesha zaidi. Kamera moja tu ya USB mara nyingi huonekana kama milango miwili, /dev/video0 na /dev/video1. Wa kwanza hutoa picha. Wa pili hutoa maelezo kuhusu picha tu, wala hauna picha yenyewe. Basi aliyeandika 1 akidhani anafungua kamera ya pili, hupata ukuta. Kisha huja kulia kwamba Linux ni ngumu. Linux haikumkosea, yeye ndiye aliyebahatisha mlango.

Mzimu wa Flash

Wazee wa kazi hii mnakumbuka Flash. Ilianza kutupa uwezo wa kutumia kamera mwaka wa 2002, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa njia ya kwanza ya kuweka video ya moja kwa moja ndani ya ukurasa wa mtandao. Ilikuwa na orodha iitwayo Camera.names, yenye majina ya kamera zote. Vizuri sana! Lakini ulipotaka kufungua kamera kwa ActionScript 3, iliyotoka mwaka wa 2006, ulitumia kitendo kiitwacho getCamera, nacho kilidai "jina". Je, ulipeleka jina? Hapana! Ulipeleka nambari ya nafasi iliyovalishwa alama za nukuu ili ifanane na maandishi: si 2, bali "2". Walitengeneza mlango ulioandikwa "jina" na nyuma yake wakaweka foleni ileile.

Na kwenye tarakilishi za Mac orodha yenyewe ilikuwa kiini macho. Mtu alikuta DV Video, IIDC FireWire Video na USB Video Class Video. Hayo hayakuwa majina ya kamera hata kidogo. Yalikuwa majina ya njia za kuunganishia kamera. Kamera halisi ya ndani ilijificha nyuma ya lile la tatu, na mtumiaji aliyeachiwa la kwanza alipata kioo cheusi. Watu walijaza misimbo yao vitanzi vya kutafuta neno USB ndani ya orodha ili tu waone sura zao.

Flash ilikoma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuiwa kabisa kuonyesha kitu. Ilizikwa. Lakini tabia yake haikuzikwa nayo. Tumeihamishia kwenye kila lugha iliyofuata.

Tazameni Processing

Processing ni lugha ninayoipenda kwa dhati. Ilianzishwa mwaka wa 2001 na Casey Reas na Ben Fry kule MIT, Marekani, ili wasanii, wachoraji na wanafunzi waweze kuandika programu za picha bila kuteseka. Ni bure, na kwa mistari michache unapata kitu kinachotembea kwenye kioo. Ndiyo sababu naitumia hapa kama mfano: kazi ninayodai kwamba haifanywi, kwa Processing ni kazi ya dakika kumi.

Kuna kitendo kiitwacho Capture.list(), kinachokupa orodha ya kamera. Kwenye matoleo ya zamani, orodha hiyo ilirudia kamera moja mara nyingi, kila mstari ukiwa na ukubwa wake wa picha na kasi yake. Kamera ya pili yaweza kuwa mstari wa ishirini na kitu! Kwenye maktaba mpya ya video orodha ni ya majina tu, safi. Na bado watu wanachukua ule mstari wa kwanza, wanaubandika, wanaondoka.

Hebu oneni ugumu ulioko:

import processing.video.*;

String[] orodha;
Capture kamera;
int sasa = 0;

void setup() {
  size(640, 480);
  orodha = Capture.list();
  if (orodha.length > 0) fungua(0);
}

void fungua(int n) {
  if (kamera != null) kamera.stop();
  kamera = new Capture(this, orodha[n]);
  kamera.start();
}

void draw() {
  background(0);
  if (kamera == null) {
    text("Hakuna kamera. Chomeka moja uanze upya.", 20, 30);
    return;
  }
  if (kamera.available()) kamera.read();
  image(kamera, 0, 0, width, height);
  text(orodha[sasa], 20, 30);
}

void keyPressed() {
  if (orodha.length == 0) return;
  sasa = (sasa + 1) % orodha.length;
  fungua(sasa);
}

Basi! Ndiyo kazi yote. Programu inaonyesha picha, inaandika jina la kamera juu ya picha, na ukibonyeza kitufe chochote inafunga kamera ya sasa na kufungua inayofuata. Ikifika mwisho wa orodha inarudi mwanzo. Kama hakuna kamera, inasema hakuna kamera, kwa Kiswahili, badala ya kufa kimya.

Mjanja mmoja atasema, "Nawe pia umeanzia sifuri!" Ni kweli, lazima pawe na pa kuanzia. Lakini tazama tofauti. Sifuri yangu ni pendekezo, na mtumiaji analiona kwa macho, analisoma jina lake, na analikataa kwa kubonyeza kitufe. Sifuri ninayoipinga ni hukumu isiyo na rufaa.

Ukitaka kuwa muungwana zaidi, hifadhi jina la kamera iliyochaguliwa kwenye faili ndogo kwa saveStrings, na safari ijayo ulisome kwa loadStrings. Hifadhi jina, usihifadhi nafasi! Kama jina halipo kwenye orodha ya leo, mwambie mtumiaji kwamba kamera ya jana haionekani, kisha umwache achague.

Kugonga kila mlango

Kuna kundi jingine la kulaumiwa: sisi tunaotumia OpenCV. Maktaba hii ni hodari mno kwa kazi za kutambua vitu kwenye picha, lakini mlango wake wa kamera, VideoCapture, huomba nambari, na haikupi njia moja ya kawaida ya kuorodhesha kamera kwa majina kwenye mifumo yote. Watu wakafanya nini? Wakaandika kitanzi: jaribu 0, jaribu 1, jaribu 2, mpaka 10, ikifunguka weka alama, funga, endelea.

Jamani! Kufungua kamera si kuangalia tu. Ni kuiwasha. Taa yake inawaka. Mtu ameketi chumbani mwake, hajabofya kitu, anaona taa za kamera zikiwaka na kuzima moja baada ya nyingine. Atafikiri nini? Atafikiri ameingiliwa na wezi wa mtandaoni, nami simlaumu. Ni kama mgeni anayetafuta nyumba ya rafiki yake kwa kufungua kila mlango wa ploti na kuchungulia ndani. Uliza kwa mlinzi! Kwenye Linux amri ya v4l2-ctl --list-devices inakupa majina bila kusumbua mtu. Windows na Mac nazo zina njia zao za kuorodhesha. Ni kazi ya ziada, ndiyo. Ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya.

Anayeumia ni nani?

Mtu atauliza, "Kwa nini unapiga kelele hivi kwa sababu ya kamera?" Napiga kelele kwa sababu anayelipia uvivu wetu si sisi.

Mwaka wa 2020, shule za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi, walimu walianza kufundisha wakiwa nyumbani. Mwalimu wa hesabu hahitaji sura yake ionekane. Anahitaji daftari lake lionekane. Akinunua kamera ya pili, akaifunga kwenye fimbo juu ya meza ikitazama karatasi, na programu ikashikilia ile ya laptopu, wanafunzi wataona kipaji cha uso wa mwalimu huku hesabu ikiandikwa gizani. Zile hadubini ndogo za USB nazo huonekana kwenye tarakilishi kama kamera za kawaida. Mtaalamu wa kilimo anayetaka kuonyesha wadudu kwenye jani, au mwalimu wa baiolojia mwenye hadubini moja kwa darasa zima, anategemea kitu kimoja tu: uwezo wa kusema "si hiyo, hii hapa."

Kisha kuna faragha. Kamera isiyostahili ikifunguka, hilo si kosa la picha tu. Mfikirie mama anayeuza nguo mtandaoni akiwa nyumbani. Ameelekeza kamera moja kwenye nguo zilizoangikwa ukutani. Ile ya laptopu inatazama kitanda na mtoto aliyelala. Programu inayomchagulia kamera inamchagulia pia ni sehemu gani ya nyumba yake wageni waione. Nani aliipa ruhusa hiyo? Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019, kifungu cha 41, inataka ulinzi wa data ya mtu uwekwe kwenye muundo wenyewe wa mfumo na uwe hali ya kuanzia, si kitu cha kubandikwa baadaye. Mimi si wakili, lakini najua kusoma, na sifuri iliyofichwa ndani ya msimbo si ulinzi wa mtu yeyote.

Nimewahi kuitwa kukagua programu ya kufundishia ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Wateja wao walikuwa wakilalamika kwamba kamera ya pili haifanyi kazi. Dawa ambayo kampuni ilikuwa ikiwapa ilikuwa karatasi ya maelekezo: nenda kwenye mipangilio ya Windows, tafuta kamera ya ndani, izime kabisa, washa tarakilishi upya. Yaani mteja alemaze mashine yake ili msimbo wa mtu usiguswe! Halafu jioni anapigiwa simu ya video na ndugu yake wa ng'ambo, kamera haiwaki, naye hajui kwa nini.

Jina nalo halitoshi

Nisiwadanganye kwamba majina yanamaliza kila kitu. Ukinunua kamera mbili za aina moja, zitakuja na jina moja. Programu inayotafuta kwa jina itashika ile ya kwanza inayokutana nayo, na tumerudi kwenye foleni.

Kila kifaa cha USB kina nambari mbili za utambulisho, ya mtengenezaji na ya aina ya kifaa. Kwa mfano, Logitech C270 ni 046d:0825, na vivinjari kama Chrome huweza kukuonyesha nambari hizo mwishoni mwa jina. Lakini C270 zote ni 046d:0825, kama vile Probox zote ni Probox. Kinachotofautisha gari moja na jingine ni nambari ya usajili, na kwa vifaa vya USB hiyo ni nambari ya pekee ya kila kifaa, ambayo si lazima mtengenezaji aiweke. Kamera nyingi za bei rahisi hazina, na zinazouzwa kwetu kwa wingi ni hizo hizo za bei rahisi.

Linux ina njia nzuri hapa. Kwenye /dev/v4l/by-id kamera hupangwa kwa utambulisho wake, na kwenye /dev/v4l/by-path hupangwa kwa tundu ilimochomekwa. Ukiwa na kamera mbili pacha kwenye ukumbi, tumia tundu: ya mlangoni tundu hili, ya jukwaani tundu lile, na uweke kibandiko kwenye waya.

Lakini kwa programu ya watu wa kawaida, dawa kubwa kuliko zote ni ya kizamani: onyesha picha, kisha uliza. Mtu hajui 046d ni nini, wala hahitaji kujua. Akiona meza yake kwenye kioo anajua hiyo ndiyo kamera ya meza. Mwenye macho haambiwi tazama. Na kwa programu, kama kwa binadamu, kuuliza si ujinga.

Kubadilisha kamera si kuchagua tu

Wako wanaojitahidi kuweka orodha ya kuchagulia, kisha wanaharibu kwenye kubadilisha. Funga ya kwanza kabla ya kufungua ya pili! Simu nyingi hazikubali kamera ya mbele na ya nyuma zifunguliwe na kivinjari kwa wakati mmoja. Na ukiiacha ya zamani wazi, taa yake itaendelea kuwaka, na programu nyingine itakapoihitaji huenda ikaambiwa ina mwenyewe.

Kwenye vivinjari kuna mtego mbaya zaidi. Leo tunatumia getUserMedia kufungua kamera na enumerateDevices kuziorodhesha, na kila kamera ina deviceId yake, ambayo hatimaye ni utambulisho wala si nafasi. Maendeleo! Lakini ukiiandika deviceId hivi hivi, kivinjari hukichukulia kama ombi la heshima: "ningependa hii, ikiwezekana." Kamera hiyo isipokuwepo, kinafungua nyingine bila kukuambia neno. Ukitaka hiyo na si nyingine, lazima uandike exact. Hapo kamera isipopatikana unapata kosa, na kosa ndilo unalolitaka! Kosa linakuwezesha kumwambia mtumiaji, "Kamera ya daftari imechomoka." Kimya kinamfungulia kamera ya kitandani.

Na usimalize simu ya video ili tu ubadilishe kamera. Kuna replaceTrack, inayobadilisha picha inayotumwa huku mazungumzo yakiendelea. Kuna pia devicechange, inayokujulisha mtu anapochomeka au kuchomoa kifaa. Tumieni! Programu inayomlazimisha mtu aifunge na kuifungua upya ili ione kamera mpya inamfanya mtumiaji kuwa tarishi wake.

Pingamizi nilizozisikia

La kwanza: "Wanaoanza watachanganyikiwa." Mimi nasema tabia hujengwa siku ya kwanza. Mwanafunzi aliyefundishwa sifuri leo ndiye atakayeajiriwa kesho kuandika programu ya kliniki, na atakwenda nayo huko. Mfundishe orodha kwanza, kamera baadaye. Mistari niliyoandika hapo juu haimshindi mtoto wa sekondari.

La pili, nalo ni zito: "Majina ya kamera yenyewe ni habari za siri. Tovuti ikiyajua inaweza kumtambua mtu." Hili nalikubali kwa mikono miwili. Ndiyo maana vivinjari huficha majina hayo mpaka mtumiaji atoe ruhusa, na ndiyo maana deviceId ni tofauti kwa kila tovuti na hubadilika mtu akifuta kuki zake. Lakini pingamizi hili halitetei sifuri. Linatufundisha utaratibu tu: omba ruhusa kwanza, kisha soma orodha, kisha onyesha majina kwa mwenye tarakilishi mwenyewe. Usiyatume kwenye seva yako, kwa sababu huna kazi nayo huko. Na kama deviceId uliyoihifadhi haipo tena, uliza upya.

La tatu: "Watu wengi wanatumia simu." Sawa, na simu ina kamera ya mbele na ya nyuma, tena siku hizi za nyuma ni mbili au tatu. Kivinjari hukuruhusu kuomba upande kwa facingMode, user kwa mbele na environment kwa nyuma. Hata huko nambari haikusaidii. Umeimarisha hoja yangu, asante.

Ninachodai

Sidai mengi. Nadai haya:

- Usiandike nambari ya kamera ndani ya msimbo kama hukumu ya mwisho.
- Onyesha jina la kamera iliyofunguka, pamoja na picha yake, kabla mtu mwingine yeyote hajaiona.
- Weka kitufe cha kubadilisha mahali panapoonekana, si ndani ya menyu tatu.
- Hifadhi utambulisho, usihifadhi nafasi.
- Kamera iliyochaguliwa isipopatikana, sema. Usifungue nyingine kimya kimya.
- Funga uliyoifungua.

Na wewe msomaji usiyeandika programu, una nguvu kuliko unavyodhani. Ukiletewa programu ya shule, ya zahanati au ya ofisi, kabla hujatia sahihi muulize muuzaji swali moja: "Nikiwa na kamera mbili, naibadilishaje?" Akianza kukueleza namna ya kuzima kamera ya laptopu yako, mrudishie programu yake na umpeleke hapa asome.

Watengeneza programu wenzangu, mkitaka kunipinga karibuni, uwanja ni wenu. Njooni na msimbo, msije na visingizio.